Haikuwa Hewala

Jumatano. Mvua imeshinda ikinyesha hapa Bongwe, si kubwa, ila haikatiki. Moyo nao mzito. Afadhali niandike sasa, kabla sijaanza kujidanganya.

Mnaosoma hapa mnajua kwamba ninaanguka. Mikono inakufa ganzi, sauti za watu zinakwenda mbali, kisha mwili wote unatetemeka na siwezi kuuzuia. Tulidhani ni kifafa. Wengine wakasema ni shetani wa ukoo, tukafukiza ubani. Nilipopimwa ubongo, kifafa hakikuonekana. Daktari akanieleza kwamba siigizi, kuanguka ni kwa kweli, ila kunatokana na uchungu niliouzuia usitoke.

Ndipo nikapelekwa kwa mshauri Msambweni, dada mmoja mpole aliyetoka bara. Akataka nije na mume wangu.

Leo Bakari alikuja.

Tulikaa tukitazamana. Mshauri akatupa masharti: mimi niseme ninavyohisi, yeye arudie alichosikia kabla ya kujibu lolote. Asijitetee, wala asinitulize. Niliitazama mikono yake juu ya magoti, mikono inayonilaza ubavu kila ninapoanguka. Si mtu mbaya. Hilo ndilo lililokuwa likinifunga mdomo.

Nikasema, "Siku uliponiambia unaoa mke wa pili Majoreni, nilikujibu hewala. Haikuwa hewala. Niliumia. Nina hasira na wewe mpaka leo."

Sauti ilitetemeka, lakini sikuanguka.

Bakari akakohoa. "Mama Zuhura hapa anasema hakufurahi nilipooa."

"Samahani, baba," mshauri akamwambia. "Rudia kama alivyosema yeye."

Akainamisha macho sakafuni. "Amesema haikuwa hewala. Aliumia. Ana hasira na mimi." Kisha akaniinulia uso. "Nilijua. Hata siku ile nilijua. Ila hewala yako ilinifaa, nikaichukua."

Miaka yote nilijipa moyo kwamba hakuelewa. Mtu asiyeelewa unaweza kumsamehe.

Tulirudi nyumbani. Baada ya alasiri akajitayarisha, maana leo ni zamu ya Majoreni. Akasimama mlangoni na mwavuli, akaniuliza, jambo ambalo hajawahi kuniuliza, "Niende?"

Nikamwambia, "Nenda, ni haki yake. Lakini mimi sitaki uende."

Akafungua mwavuli. Akaenda.

Ganzi ilinianza vidoleni hata hajafika barabarani. Nikawahi kukaa kwenye mkeka, nikaanguka. Nilipozinduka nyumba ilikuwa kimya na mate yalikuwa yamelowesha leso yangu. Nililia. Sikuwa nimelia tangu ndoa ile ifungwe. Nililia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa, na jirani akaniita kupitia ukutani, "Mama Zuhura, kuna msiba?" Nikamjibu hapana. Sijui kama nilimwambia kweli.

Wiki ijayo tumeitwa tena, na Bakari amekubali. Mshauri anasema leo tumepiga hatua. Huenda.

Kuanguka nimekuzoea. Kinachonitisha ni kupona. Mwili ukiacha kusema kwa niaba yangu, itanibidi niseme kwa kinywa changu kama bado ninataka kuwa mke wa Bakari.

Na jibu, naogopa, ninalijua.