Farasi Mia Tatu na Viti Viwili

Mwanangu Prosper,

Mama yako anasema nikupigie simu tu. Nimejaribu. Ukishasema "Shikamoo baba" nami nikaitikia, sote wawili tunaishiwa maneno, kisha unaomba simu apewe yeye. Kwa hiyo naandika.

Nakukumbuka ukiwa darasa la nne, Jumapili baada ya misa, tumekaa kwenye vani yangu ya kubebea ndizi hapa Kilema. Ulikuwa na daftari na picha ya gari la michezo uliyoikata kwenye gazeti. Ulitaka tulinganishe kila kitu: ukubwa wa injini, mwendo, uzito, mafuta. "Baba, hili lina nguvu za farasi mia tatu. Letu je?" Nikakuambia tisini, na kumi kati yao wana mafua. Ukainama kuchungulia chini ya kiti uwaone. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Kwenye mzigo nilikushinda: vani ilishusha mikungu thelathini hadi sokoni Moshi, gari lako lisingebeba hata miwili. Ulinuna, nikakuachia ushike usukani.

Halafu ukakua, ukapata kazi, na Desemba ile ukaja na gari kama lile kweli kutoka Dar, la bluu, mali yako mwenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha, na gari lenyewe liko chini mno. Kwenye mpando wa kuingia nyumbani likakwama, tumbo kwenye matope. Nikaja na vani na kamba. Hapo ilinipasa ninyamaze. Lakini baba zako wadogo walikuwa wamejaa njiani, na mimi nikiona watu mdomo unaniwasha. Nikapaza sauti: "Farasi mia tatu, na wote wamelala! Halafu viti viwili tu! Huyu mtoto hana ndugu?"

Walicheka sana. Wewe ulibaki umeshika usukani, hukuinua macho. Kesho yake asubuhi ukaondoka, na kiburu alichokupikia mama yako, ndizi na maharage kama unavyopenda, kikabaki kwenye sufuria. Desemba tatu sasa hujapanda huku.

Wiki iliyopita ndipo mama yako akaniambia. Safari ile binamu yako alikuomba lifti ya kuja nyumbani ukamkatalia, ukasema kiti cha pili ni cha baba, hakikaliwi na mtu kabla yake. Nilizijua sifa zote za lile gari isipokuwa hiyo.

Nimeona aibu, mwanangu. Nilikukosea, tena mbele ya watu. Unajua kwetu anayeomba msamaha huja na jani la sale, na ukiletewa sale hukatai. Dada yako alinishauri nilipige picha nikutumie kwa simu. Nikamwambia sale haitumwi, inapelekwa. Sijawahi kuona mzee akimpelekea mwanawe. Basi nitakuwa wa kwanza, na wanaotaka kucheka wacheke.

Jumamosi napanda basi kuja Dar. Nipokee stendi na gari lako. Nikiyakunja haya magoti nitaenea. Na kama uliliuza kwa sababu ya ulimi wangu, njoo kwa miguu, mwanangu. Tutatembea.

Ni mimi,
baba yako