Sitaomba Radhi kwa Mkono Ule

Jumatatu, 3 Machi 1975
Nimetapika tena. Mzee aliyeungua mguu – nilipofungua bendeji tu, nikakimbilia nje. Manesi wakacheka. Rafaeli, anayefunga vidonda, akanipa maji, akasema hata yeye alitapika mwaka mzima. Mwaka mzima! Mimi nimebakiza siku kumi na moja. Tarehe 14 miezi mitatu ya majaribio inakwisha. Bibi Costancia, mkuu wa kituo hiki cha afya, atatia saini fomu yangu ya chuo cha uuguzi, au hatatia.

Wote hapa wanauliza kama nafaa. Hakuna anayeuliza kama naitaka kazi hii. Nami sijui. Lakini wa kuamua ni mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Baba amekuja! Kateremka milimani kwa miguu hadi Kilosa, kisha kapanda lori la Mikumi. Matope mpaka magotini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akahamia Kikaguru ili wenzangu wasisikie. Kijiji chetu kipya cha ujamaa kinatafuta mwalimu. Jina langu ameshalipeleka. Ameshalipeleka!

“Mimi ni katekista, Ida. Kanisani wananiuliza kama ni kweli binti yangu anaogesha wanaume.”

Nikamwambia ni kweli, na leo asubuhi nimeogesha wanne.

Akakwangua tope gotini. Kisha akasema mwalimu akitoka kazini hunawa chaki, basi. Niliona nimemuumiza. Bado sikumwomba msamaha. Ameondoka bila kula.

Jumamosi, 8 Machi
Bendeji ya mzee nimeifungua na kuifunga mwenyewe. Sikutapika. Sikufurahi pia.

Jumatatu, 10 Machi
Naandika haraka, mwandiko huu nitausoma kwa shida.

Alfajiri Kasaine, Mmasai wa huku mbugani, alimleta mke wake Nasieku juu ya punda. Uchungu siku ya pili. Hajui Kiswahili. Zamu ilikuwa ya nesi Joha, na mimi msaidizi wake. Joha anasema sukuma, Nasieku haelewi. Joha anapaza sauti, haelewi vilevile. Ndipo akampiga kofi pajani. “Hospitali hamuijui mpaka mfe! Sukuma!”

Nasieku hakulia. Alinitazama mimi. Kwa nini mimi?

Joha akainua mkono mara ya pili, nikaushika. Nikaushika hewani! Nikasema, “Humpigi tena.” Nilisema kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Joha kanizidi miaka kumi na mitano. Nilishamwamkia asubuhi hiyo hiyo.

Kisha nikainama nikamwambia Nasieku yale maneno manne ya Kimasai niliyookota mnadani. Mawili ni ya kununulia maziwa! Akacheka – katikati ya uchungu ule akacheka – na akasukuma. Mtoto wa kike. Joha ndiye aliyemtoa, kamba ya kitovu ilikuwa shingoni, akaitoa haraka na kwa ustadi. Lazima niliandike hilo. Anaijua kazi yake.

Damu ilinifika viwikoni. Nimekuja kuiona baada ya kula.

Jumanne, 11 Machi
Bibi Costancia kaniita ofisini. Hakufoka, heri angefoka. Alhamisi kwenye kikao cha asubuhi nimwombe radhi Joha mbele ya wote. Nikifanya hivyo, atatia saini palepale. Nisipofanya, ataandika “hafai”.

Nikauliza, “Na Nasieku anaombwa radhi na nani?”

Alinitazama sana. “Nilipokuwa kama wewe nami niliona mengi. Nikanyamaza miaka kumi. Ndiyo maana leo nimekalia kiti hiki.”

“Na tangu ukikalie, Bibi?”

“Toka.”

Jumatano, 12 Machi
Dakika tatu tu. Nasimama, nasema samahani, naenda chuo. Rafaeli kanishauri hivyo hivyo: sema kwa mdomo, moyoni baki na lako.

Ninajiuliza kwa ukweli, maana hapa hakuna anayesoma: naitaka kazi hii, au nataka kushinda tu? Nina ukaidi, mama alisema tangu nikiwa mdogo.

Lakini leo mtoto wa Nasieku alikataa kunyonya. Nikakaa nao, nikimgeuza hivi, nikimgeuza vile, nikakamua tone mdomoni mwake. Aliposhika ziwa nilidhani ni saa nne. Ilikuwa saa nane! Chakula kimepoa, hata sikukikumbuka. Harufu ya wodi naichukia bado. Damu siipendi. Ila pale kitandani sikuwa natafuta kushinda.

Basi naitaka. Nimeandika. Naitaka – lakini si kwa bei ya Bibi Costancia.

Alhamisi, 13 Machi
Nilisimama. Nikasema, “Nesi Joha, shikamoo. Samahani kwa kukupazia sauti, wewe ni mkubwa wangu. Kwa kuushika mkono wako siombi radhi. Ukiinuka tena nitaushika tena.”

Rafaeli akatazama sakafu. Bibi Costancia akasema nivue aproni, nirudi kwetu. Nikaivua. Nikaikunja vizuri.

Saa nne. Naandika nikiwa barazani. Lori la Kornelio linaenda Kilosa, sanduku langu la bati liko juu tayari. Sikulia.

Joha katoka sasa hivi. Nasieku ana homa na anahitaji sindano. Joha akimsogelea tu anajifunika shuka, anamkumbatia mtoto. Hata Rafaeli amekataliwa.

“Njoo umshike mkono,” kasema Joha.

Nikamwambia nimefukuzwa. Nikiingia mle ndani, nitaingia kama nani?

Joha kasimama, kajifuta mikono kwenye gauni ingawa haikuwa na maji. Kisha kageuka, kaenda ofisini kwa Bibi Costancia. Hakubisha hodi.

Mlango umefungwa. Wanasemezana – jina langu nalisikia, mara mbili, mara tatu. Ni Joha anayepaza sauti!

Kornelio anapiga honi. Anauliza naenda au siendi, njia ya matope haimngoji mtu.

Sijaitwa bado. Sanduku nimelishusha.