Mfaransa Aliyekunja Magoti

Edmonton, Jumanne usiku, 2004

Eti alikunja magoti! Leo mjukuu wangu Neema amenisomea kitabu chake cha shule. Vijana wa Ufaransa walikamatwa wakapigane vita vya Napoleoni, wafupi wakaachwa. Mmoja akakunja magoti ili aonekane mfupi, wakamgundua.

Neema akacheka. Nikamwambia, sisi kule Uvira waasi walitupima kwa bunduki yenye singe, kile kisu cha mdomoni mwake, na kwangu iliishia kidevuni! Aliyeizidi walimchukua; nani mrefu kama mimi?

"Na mdogo wako wa kwenye ile picha ya ukutani, Babu?"

Baraka alikuwa mfupi, wangemwacha. Lakini alisimama kwa vidole vya miguu, asitengane na mimi.

"Alirudi?"

Nikamkaripia akalale. Siku niliyorudi, mama alifungua mlango. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu.