Masizi ya Gari Lako, Baba

Baba,

Assalamu alaykum, kwa salamu ile ile tunayowapa nyote mlio huko makaburini. Ungekuwa Tanga kwa baba mdogo ningeendelea na "natumai hujambo", lakini hali yako anaijua Mola wako, nasi dua haikatiki hapa nyumbani. Kwa hiyo naanza na habari ambayo wewe mwenyewe ungeiuliza hata kabla hujavua viatu. Gari halijambo.

Najua hukunikabidhi mimi. Hukumkabidhi mtu. Uliondoka na ufunguo umo mfukoni mwa shati, tukauona wakati wa kukuvua kwa josho, na Kombo akauchukua kwa kuwa yeye ndiye mtoto wa kiume. Siku ile hata jina langu ningeulizwa ningesita.

Siku ya tatu, Kombo alilichukua gari kwenda sokoni Konde kuleta mchele wa hitima. Lilirudi linagonga njia nzima, mlio kama wa mtu anayetikisa mawe ndani ya kopo. Akalisimamisha mbele ya baraza, akazima, akatoa ufunguo akaushika mkononi, na gari likaendelea. Kohoo. Kohoo. Puu. Wanaume barazani wakainamisha vichwa wasicheke matangani. Mama alikuwa chumbani, siku ya tatu ya eda yake, dirisha limefungwa. Nilikuwa nimekaa naye mkekani nikamsikia anasema taratibu:

"Bado hajatua."

Sikumuuliza anamsema nani.

Baada ya hitima Kombo akatoa shauri lake. Kuna watu wanaokusanya vyuma chakavu, wanapeleka Unguja, na gari hili ni chuma chakavu chenye magurudumu. Unamjua Kombo, si mtu mbaya, ila ana duka Chake na kila kitu anakitazama kama kinachokula nafasi. Nikamwambia gari haliuzwi. Mama akitoka eda atakwenda Gando kwa dada yake Bi Hadia, kama kila mwanamke wa ukoo wake anavyokwenda kwa nduguye mkubwa kwanza, na atakwenda ndani ya gari la mumewe. Kombo akacheka.

"Litapanda kilima cha njia ya Wete, hili?"

"Litapanda."

"Na nani atalitengeneza?"

"Miye."

Akanitazama mimi, mwalimu wa hesabu wa darasa la tano, mikono ina chaki. Akasema vyema, likipanda kilima na Mama yumo ndani, gari libaki. Lisipopanda, watu wa vyuma waje kesho yake. Na akaniachia ufunguo, hilo nalo nimwandikie wema.

Baba, hofu sikuwa nayo. Ungenicheka kama ningekuwa nayo. Nilikwisha kulifungua gari hili na wewe mara ngapi? Miaka ile vipuri havipatikani, hata plagi ukiipata unaificha kabatini pamoja na vikombe vya Mama, wewe ulikuwa ukilitoa kichwa cha injini uani kila linapoanza kugonga, na mimi nakaa juu ya kibao cha mbuzi kukushikia spana. Watu wakituona na mafuta uani wakidhani unalikaanga. Ulikuwa ukisema ugonjwa wa gari la zamani ni mmoja tu, masizi, ndiyo hulifanya ligonge na kukohoa hata likizimwa, na dawa yake ni subira na mafuta ya taa.

Nikaanza Jumamosi moja, eda ya Mama ikiwa imebakisha mwezi. Nikavaa suruali yako ya kazi ndani ya gauni langu kuukuu, na majirani wakapata la kusema mpaka Jumatano. Nilifungua boliti kuanzia za pembeni, kidogo kidogo, nikainua kile kichwa, na Baba, loo! Masizi yalikuwa yameshika juu ya pistoni zote nne mfano wa ukoko wa wali uliosahauliwa jikoni. Nikajisemea, kumbe hivi ndivyo ulivyokuwa ukipumua mwaka wako wa mwisho, wewe na gari lako, nyote mnakohoa na hakuna anayekubali kutazamwa. Hapo nililia kidogo. Kisha nikaingia jikoni kutafuta kifuu.

Bisibisi sikuigusa. Nakumbuka siku Kombo, mvulana mwenye haraka, alipoitia bisibisi kwenye pistoni akachora mstari unaong'aa, na wewe ukamnyang'anya bila kupiga kelele. "Masizi hayagombwi," ulimwambia, "hubembelezwa." Ukavunja kifuu cha nazi, ukakinoa jiweni, ukamwonesha kuwa kifuu ni kigumu kuliko masizi na laini kuliko pistoni. Huo mstari wa Kombo bado upo, kwenye pistoni ya tatu. Nimeusafisha nikauacha ulivyo.

Nikapaka grisi ukingoni ili ule mchanga wa masizi usishuke chini, nikaziba matundu kwa matambara ya kanga, nikalowesha kwa mafuta ya taa, nikangoja, nikakwangua. Ule mzunguko mwembamba wa masizi wa pembeni kabisa sikuuondoa, maana ulisema huo unazuia oili isipande. Vali nikazisugua mashina kwa mswaki wako. Ulikuwa na miwili, mmoja wa meno na mmoja wa gari, na Mama miaka yote hakuwa na hakika upi ni upi. Niliukuta ndani ya sanduku lako la vifaa, ncha imechanua na kuwa nyeusi, nikajua huu si wa meno. Natumai.

Na vali nikazipanga kwenye bao, kama wewe. Safu moja ya bao mashimo manane, injini yako vali nane, kila moja na shimo lake ili irudi pale ilipotoka. Ila Mzee Faki, mwenzako wa bao, alikuwa akija kila baada ya alasiri kulitaka bao lake la kuchezea. Nikamwambia asubiri, bao lina wageni.

"Mwenzangu kafa, bao halikufa," akasema. Kisha akakaa, akazitazama zile vali kwa muda mrefu, na mkono ukamwendea wenyewe kwenye shimo la kwanza. Nikaudaka hewani. Akaangua kicheko mpaka akafuta macho kwa ncha ya kikoi, na sote wawili tulijua kuwa si kicheko peke yake.

Wikiendi tatu zikapita. Nikazisaga vali zikakaa, nikaweka gasketi mpya aliyoileta Kombo mwenyewe kutoka Chake bila kuombwa, nikakaza boliti kuanzia katikati kwenda nje. Kila kitu kilikuwa kinang'aa. Zikabaki nyaya za plagi tu.

Hapa ndipo uliponiponza, Baba, na nitakwambia bila kuficha. Kukwangua ulinifundisha, kusaga ulinifundisha, lakini nyaya ulikuwa unazirudisha mwenyewe, umenipa mgongo, dakika moja umemaliza. Na mimi kwa kujitia usafi nilikuwa nimezing'oa zote nikazifuta. Waya wa kwanza nilikuwa nimeutia alama ya rangi ya kucha, huo nilikuwa na hakika nao. Ile mitatu mingine sikuijua.

Lakini nilijua imeandikwa wapi. Ndani ya kifuniko cha sanduku lako, kwa rangi nyeupe na herufi za Kiarabu: "mpango wa moto", yaani plagi ipi iwake baada ya ipi, na mbele yake tarakimu nne. Nikasoma maneno kutoka kulia kama nilivyofunzwa chuoni kusoma msahafu. Nikafika kwenye tarakimu nikageuka nikazisoma kutoka kushoto, kwa sababu kila aliyesoma hesabu anajua tarakimu za Kiarabu huandikwa hivyo, makumi kushoto na mamoja kulia. Mbili, nne, tatu, moja. Baada ya moja, basi, inarudi mbili. Nikapanga hivyo. Mwalimu mzima.

Nikapiga stati. Baba, lilipiga mzinga! Moto ukatoka kwenye kabureta, kuku wakapaa, moshi mweusi, gari likatikisika kama linataka kutoka ndani ya ngozi yake. Nikazima. Nikajaribu tena. Mzinga wa pili ulimtoa Mzee Faki barazani. Kombo alikuwepo siku hiyo. Hakucheka, na bora angecheka.

"Umejitahidi, dada," akasema. "Basi."

Zilikuwa zimebaki siku sita Mama atoke. Nilikaa chini pale mchangani na mikono yangu myeusi nikafikiri kuwa nimeliua. Nikafikiri kifuu, nikafikiri vali, nikafikiri labda mkono wa Mzee Faki ulifika kabla sijauona. Kwa mara ya kwanza tangu uondoke nilikukasirikia. Ulikuwa na mdomo, ungeniambia neno moja.

Ndipo Mama akaita kutoka ndani, nyuma ya pazia la dirisha.

"Mize! Mzinga huo naujua, ume'tia nyaya kinyumenyume."

Nikamwambia Mama, nimefuata maandishi ya Baba.

"Ya baba yako? Hebu nletee hicho kifuniko."

Nikauingiza ndani ule ubao wa kifuniko. Mama akauweka mapajani, ameketi na nguo zake nyeupe za eda, akapitisha kidole juu ya rangi.

"Hii nliandika miye," akasema. "Baba yako chuoni alikuwa mtoro, khati yake hata yeye hawezi kuisoma. Mwaka tulolipata gari alikaa hapo mlangoni akawa anantajia moja moja, miye n'naandika. Moja. Halafu ananambia ngoja. Tatu. Halafu nne. Halafu mbili. Hizi si hesabu, mwanangu. Hii ni orodha. Weye umesoma hesabu, hukusoma mstari."

Kutoka kulia. Moja, tatu, nne, mbili.

Miaka yote ile nilidhani ni mkono wako. Ulikuwa mkono wake. Mwanamke ambaye hajawahi kuigusa boneti ndiye aliyekuwa akilipa gari lako utaratibu, na wewe ukinipa mgongo ukirudisha nyaya, kumbe ulikuwa unamsoma mkeo.

Nikatoka uani. Waya wa kwanza mahali pake, wa nne mahali pake. Nikabadilisha wa pili na wa tatu. Nyaya mbili tu, Baba. Nikapiga stati na likawaka pale pale, laini, mpaka Kombo akaweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha linakwenda kweli. Akaenda dukani kwa jirani akarudi na soda tatu, moja akampa Mzee Faki.

Mama alitoka eda Alkhamisi. Alioga, akavaa nguo mpya, udi ukafukizwa nyumba nzima, na mimi nikamkalisha mbele, upande wake ule ule. Kombo alikaa nyuma kwenye bodi la mbao la kubebea mizigo, kwa kuwa nilimwambia hakimu hakai na dereva. Kwenye kile kilima nilishuka gia ya pili kama wewe, sikumtazama mtu, nikalisikiliza. Halikugonga hata mara moja. Tulipofika juu Kombo alipiga bodi makofi mawili, kama utingo anayemwambia dereva twende. Basi hiyo ndiyo hukumu, na watu wa vyuma hawakuja.

Gando tulifika jua bado halijawa kali. Bi Hadia alikuwa mlangoni na wanawake wote wa mtaa, wanatungojea, hata vigelegele wamevizuia kooni hawajui kama inafaa. Nikasimamisha gari. Nikageuza ufunguo.

Likanyamaza. Pale pale, Baba, bila kohoo hata moja. Mama hakushuka. Alikaa akisikiliza, mkono wake juu ya dashibodi, na mimi nikawa nasikiliza pamoja naye, na hakukuwa na cha kusikia. Kisha akalivuta buibui lake vizuri, akafungua mlango.

"Haya," akasema. "Katua."

Baba, nakuaga. Gari sitaliuza, na likianza tena kugonga nitalifungua uani, kwa kifuu na mafuta ya taa. Mzee Faki nimemrudishia bao lake, tena Ijumaa hucheza na mimi na hunishinda bila huruma. Kifuniko cha sanduku sitakipaka rangi mpya maadamu Mama yupo. Na siku nitakapomfundisha mtu mwingine, nyaya nitazirudisha nikiwa nimemgeukia, nimtajie moja moja, aandike kwa mkono wake.

Pumzika. Tumelizima vizuri.

Mwanao,
Mize