Beji ya Ngiri Katika Majivu ya Baba

Mtaa wa Kitahama,
Tomisaka, Japani.
3 Februari 1999

Mpendwa kaka Yukimasa,

Hujambo huko Brazili? Shemeji Lúcia na watoto hawajambo? Na goti lako je, bado linakusumbua mvua zikianza? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakula, ingawa kidogo, na baridi ya mwaka huu haijamshinda. Ila moyo wangu, kaka, haujarudi mahali pake tangu tulipouchoma mwili wa baba, ndiyo maana unaona mwandiko umepinda namna hii.

Uliponiambia kwenye simu kwamba huji, kwa kuwa mtu aliyekupa mgongo akiwa hai hana haja na wewe akiwa maiti, sikukulaumu. Leo nakuomba kitu kimoja tu: soma hadi mwisho, ndipo ukasirike.

Unajua alivyokuwa na Korongo wake. Timu hiyo ya besiboli ilianzishwa na kampuni ya reli mara tu baada ya vita, uwanja ukajengwa pale kiwanda kilipoungua, na baba alikuwa miongoni mwa waliozoa vifusi. Ubingwa waliuchukua mara moja, kabla sijazaliwa, kisha ikawa timu ya kufungwa mpaka mji mzima ukazoea. Baba hakuzoea. Aliongoza washangiliaji wa upande wa kulia hadi kampuni ilipochoka na hasara, ikawaunganisha na Ngiri wa Ushio, mahasimu wetu wa siku zote, na jina la Korongo likafutwa. Tangazo lilisomwa redioni asubuhi baba akinyoa ndevu. Alikwenda kazini shavu moja halijanyolewa.

Uwanja ukageuzwa duka kubwa, naye hakukoma. Pale aliposimama mpigaji wamechora alama sakafuni, siku hizi ipo katikati ya feni na masufuria ya umeme. Kila msimu ulipofunguliwa, yeye na Mzee Kuramochi, yule mpiga tarumbeta, walisimama hapo na makoti yao ya Korongo wakaimba wimbo wa kila mchezaji, hata waliokwisha kufa. Muuzaji mmoja alimtania mwaka jana, "Mzee, leo tumeshinda?" Baba akamjibu, "Wewe uza feni."

Yako na yake sina haja ya kukusimulia. Korongo na Ngiri walikugombea, kura ikaangukia Ngiri. Baba akataka ukatae, ucheze timu ya kiwanda mwaka mzima, usubiri Korongo wakuchukue. Wewe ukakubali, naye akasema hana mtoto wa kiume. Niliyasikia kwa masikio yangu, siwezi kuyafuta.

Sasa sikia. Unaukumbuka mshipi wake wa sufu wa kukinga tumbo na baridi, aliouvaa chini ya koti kila mechi? Hakuna aliyeruhusiwa kuufua. Alisema bahati itatoka na povu. Mama alikuwa akimjibu, "Bahati gani hiyo, mbona tunafungwa kila wiki?" Kabla hajakata roho aliomba jambo moja: tumvike mshipi ule ndani ya jeneza.

Watu wa mazishi walitukataza kuingiza chuma wala kioo motoni. Nikaupapasa mshipi, nikakuta kitu kigumu kimeshonewa kwenye pindo. Nikadhani ni hirizi ya hekaluni. Nawe unajua hirizi haifunguliwi, ukiifungua umeiharibu. Mama akasema tumwache nayo. Tukamwacha nayo.

Moto ulipokwisha tukasimama na vijiti vyetu kuokota mifupa, watu wawili kwa kila mfupa, tukianzia miguuni. Tulipofika kiunoni, vijiti vya mama vikagonga chuma. Mhudumu akainama kuomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Mama akapuliza jivu. Rangi ilikuwa imeungua yote, lakini meno ya ngiri yalionekana wazi, na chini yake namba 38.

Namba yako, kaka. Vijiti vikaniponyoka. Beji ya Ngiri, tumboni pa mtu ambaye mwaka ule uliposaini nao hakutaka hata nyama ya nguruwe nyumbani kwake!

Shangazi Mineko akasema labda mshipi ulibadilishwa hospitalini. Mzee Kuramochi akakohoa.

"Haukubadilishwa. Nilimwona akiinunua mlangoni pa uwanja wa Ushio, amejifunika barakoa na kofia ya mvua, na mvua hakuna. Akaniambia nikifungua mdomo ataikanyaga tarumbeta yangu."

"Lini?" mama akauliza.

"Mwaka wa kwanza wa kijana, shemeji. Kabla hata hajapangwa kucheza."

Mama akaikamata beji kwa vijiti vyake, akangoja. Lazima awepo wa pili, na pale anaposimama mtoto wa kwanza wa kiume palikuwa patupu. Mzee Kuramochi, aliyeapa kutogusa kitu cha Ngiri mpaka kaburini, akanyoosha vijiti vyake akamsaidia.

Tangu siku hiyo mechi moja hainitoki kichwani. Unaijua. Korongo walihitaji ushindi mmoja tu wawanie ubingwa, nawe ukaupiga mpira ukavuka ukuta, wakashindwa. Huwa unasema ulipokuwa ukizunguka vituo ulimwona baba akiinuka na kutoka, amekupa mgongo. Ni kweli alitoka, na nilikuwa pembeni yake. Upande wetu mzima watu walishika vichwa. Baba peke yake alishika tumbo, kwa mikono miwili, akaniambia, "Sumie, tumbo linaniuma, twende." Nyuma ya vyoo vya uwanja alilia mpaka akakaa chini. Nikadhani ni maumivu. Nyumbani mama akampikia uji, akaunywa wote.

Mama anakusalimu sana. Shangazi Mineko anauliza kama picha za watoto zitakuja, na Mzee Kuramochi anasema tarumbeta yake bado inalia vizuri. Mungu na wazee wetu wakulinde wewe na wote waliomo nyumbani mwako.

Majivu tutayaweka kaburini siku ya arobaini na tisa, katikati ya Machi. Beji haimo ndani ya chungu. Mama ameifunga kwenye leso mbele ya picha ya baba, na kila anayemuuliza anamjibu kwamba haiwezi kuwekwa na mtu mmoja, na vijiti vya pili viko Brazili.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, niliyetoka na baba uwanjani siku ile,
Sumie