Mfupa wa Ngege

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi. Viatu vyangu vimerudi na nusu ya matope ya mtaa wa Mamboleo.

Naomba umma utulie, nina tangazo: leo nimekula samaki, ngege mzima, kichwa mpaka mkia, nikiwa nimeupa ukuta mgongo. Tangu nikiwa na miaka saba, mimi hula nikiangalia ukuta.

Miaka ya themanini tulikaa mtaa wa Obunga, chumba kimoja, mlango wazi kwa sababu ya joto. Jirani yetu, Mama Akeyo, alikuja kuomba kiberiti akanikuta nakula. Akacheka. "Huyu anakula kama mtu ametoka kuvuta nyavu." Jioni tumbo likanishika, nikajikunja sakafuni.

Miguu yangu ilikuwa na madoa mekundu siku tatu tayari, na magoti yamevimba. Hakuna aliyejali. Kwetu, mtoto akiumwa na tumbo baada ya kula, haulizwi habari ya miguu. Anaulizwa nani alimwona akila. Hiyo ndiyo sihoho: jicho la mtu hukwamisha chakula tumboni.

Mama akaita mzee anayejua kutoa chakula kilichokwama hivyo. Akanichanja tumbo kwa wembe, akakanda, akafyonza, akatema kiganjani mfupa wa ngege. Majirani wakaguna, wakamgeukia Mama Akeyo aliyekuwa mlangoni.

Mimi nilikuwa nimekula omena, wale dagaa wadogo.

Nilinyamaza. Nilikuwa mtoto, sawa, lakini mtoto wa ziwani anajua samaki aliyemla. Ukweli ni kwamba nilipenda vile kila mtu alikuwa ananiangalia.

Siku mbili baadaye nikaenda choo, ikatoka damu. Hospitalini daktari alitazama miguu kabla hajagusa tumbo. Akamweleza Mama kwamba ni ugonjwa wa watoto: mishipa midogo ya damu inavimba, kwenye ngozi, kwenye magoti, hata kwenye utumbo. Utumbo wangu ulikuwa umevimba mpaka kipande kimoja kikaingia ndani ya kingine, kama mkono wa sweta uliovuliwa vibaya. Wakanipasua siku hiyo hiyo.

Niliporudi na mshono wangu, Mama Akeyo alikuwa ameshahama. Wanawake walikuwa wanafunika sufuria akipita. Mama alisema mzee alianza kazi, daktari akamalizia. Jina la jirani likabaki pale pale lilipotupwa.

Kuna watu hukaa na jambo kama hili wiki moja. Mimi nimekaa nalo mpaka nikaota mvi.

Leo nimempata Mama Akeyo, huko Mamboleo. Anatembea kwa fimbo. Nilisema kabla sijakaa, nisije nikaogopa.

"Mama, siku ile nilikula omena. Si ngege."

"Najua," akasema. "Si nilikuona?"

Akanipakulia ugali na samaki. Nikageuza kiti ili nimtazame. Nilitaka anione nikila.

Akachukua fimbo yake, akatoka, akavuta mlango. Alisimama nje, chini ya ukingo wa paa, mpaka aliposikia nanawa mikono.

Samaki hakuwa na chumvi.