Akamwani kwa Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 3 Juni. Kashozi.
Tangu nitoke kufundisha nachonga ubao wa picha ya shangazi, amepiga magoti akimpa mgeni akamwani, buni zetu za kutafuna. Nimefika shingoni. Juu ya meza kuna yule mwanamke wa Kijapani, picha iliyopigwa chapa kwa ubao wa kuchonga, niliyemkata kwenye kalenda. Ameinama, shingo ni mstari mmoja tu, na uzuri wote uko hapo. Aliyemchonga alijua pa kuachia. Mimi sijui. Kitenge cha shangazi Koku nimekijaza maua mpaka sakafuni. Maonyesho ya Bukoba ni Jumamosi. Shangazi amekubali kuchorwa kwa sharti moja: aonekane mtu mwenye adabu.

Jumanne, 4 Juni.
Wino, karatasi, nikasugua kwa mgongo wa kijiko. Imetoka safi! Nikamkimbilia shangazi, anamenya ndizi. Akatazama. Akaweka kisu chini.
"Yesu na Maria! Akamwani nampa mgeni kwa kushoto?"
Nilichora moja kwa moja kwenye ubao, nikasahau kwamba chapa hugeuza kulia kuwa kushoto. Mwalimu wa sanaa mzima! Mjinga kabisa. Kwetu hata mtoto hampi mgeni buni za kutafuna kwa mkono wa kushoto. Amesema nisithubutu kumpeleka mjini hivyo. Ana haki. Nimelia kwa hasira.

Alhamisi, 6 Juni.
Ubao mpya. Siachi, hata iweje. Safari hii nimechora kwenye karatasi nyembamba, nikaibandika kifudifudi. Muda wa maua haupo. Nimeondoa maua, mkeka, mlango. Amebaki yeye, magoti chini, shingo, mkono wa kulia. Kidole gumba nimekikata. Nimefunga kitambaa, nikaendelea.

Ijumaa, 7 Juni.
Chapa nne zimeharibika. Ya tano imekaa.
"Umeninyang'anya maua yangu," kasema shangazi. Akatazama weee. "Haya. Peleka."

Jumamosi, 8 Juni. Bukoba.
Wengi walinipita haraka, wakaenda kwenye picha za rangi. Imeniuma, nisidanganye. Shangazi alikaa kando na gauni lake la kanisani.
Mzee mmoja asiyetujua akasimama mbele ya picha. Akavua kofia. Mikono yake miwili ikaanza kuinuka, kama ya kupokea buni. Akashtuka, akaishusha, akageuka kuona kama kuna aliyemwona.
Shangazi alimwona. Akainamisha kichwa, akamsalimu kwa Kihaya, taratibu.